Mawese ya Baba Mumba na Tairi za Karavani

Siku ile tulikuwapo hawa: Musiu Nikola, Mgiriki mwenye karakana, Baba Mumba, fundi mkuu wa tairi, aliyenifundisha kazi, mkewe Mama Anna, na sufuria yake ya bukari, ndio ugali wetu, Musiu Armand, mpima ardhi, mwenye karavani, baba yangu mdogo Kabamba, aliyefika kutoka kaskazini na dumu la mawese, wadogo zangu wawili, Marta na Yohani, wamekaa juu ya mabunda yao, na mimi Donati, mkubwa wa yatima wale. Nawataja wote kwa sababu nimebaki karibu peke yangu, na kwa sababu kila mmoja wao alinipa kitu siku ile, hata yule aliyekuja kuninyang'anya.

Ninawaandikia ninyi vijana wa kwado, mnaoziba tairi kandokando ya barabara hapa Hewa Bora, na pampu zenu na mabeseni yenu ya maji machafu. Kila asubuhi nikienda misa mnanipigia kelele: "Muzee, magulu yako iko plat, kuya tuweke upepo!" Ati miguu yangu imeishiwa upepo. Nacheka, napita. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza swali la kweli. Alikuwa ameletewa tela la kulala, yaani karavani, lile la kukokotwa nyuma ya gari, lenye kitanda na jiko ndani, na hakujua alitafutie tairi gani. Nilimjibu kwa maneno mawili nikaenda zangu. Usiku sikupendezwa na jibu langu. Jibu lenyewe ni refu, na lina watu ndani yake.

Nianze na tela. Mteja akija, macho yake huenda juu ya tairi, kwenye yale meno yanayokanyaga barabara. Akiona meno marefu anafurahi. Ninyi msiangalie huko kwanza. Tela halina injini wala usukani. Haliendi, linapelekwa, kazi yake ni kubeba tu. Na kinachobeba ni ubavu wa tairi. Ubavu ukiwa laini, nyumba yote inayumba kama mlevi na kuivuta motokari huku na huku, mpaka dereva anasahau sala zake. Tafuteni tairi yenye ubavu mgumu, iliyotengenezwa kwa mizigo. Zamani tulihesabu tabaka za nguo zilizofichwa ndani ya mpira. Sasa kuna nyaya za chuma, na uzito ambao tairi inaweza kubeba umeandikwa ubavuni kwa yeyote atakayejisumbua kupiga magoti na kusoma. Pigeni magoti. Halafu mjue uzito wa tela likiwa limejaa, na maji yake na sufuria zake na viatu vya Madamu, si uzito wa tela tupu linalopendeza kwenye picha.

Desturi ya mji wetu ilikuwa mbaya. Enzi zile ungali unaitwa Elisabethville. Motokari ikipata tairi mpya, zile kuukuu zilishushwa kwenye tela, sawa na nguo za mtoto mkubwa zinavyoshushwa kwa mdogo. Desturi hiyo niliijua kwa mwili wangu, maana shati langu lilishuka kwa Yohani kila mwaka. Lakini Yohani hakupewa mzigo wa motokari nzima kubeba.

Nilipata kazi kwa Musiu Nikola baada ya baba kufa. Baba alikuwa mtu wa reli. Mama alikuwa ametangulia, alipomzaa Yohani. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha na nyumba ikaisha. Niliacha shule ya mapadri, mwalimu akanisindikiza mpaka mlangoni. Nikazunguka mji mzima nikiomba kazi. Kila mahali waliangalia mikono yangu wakacheka. Baba Mumba hakucheka. Alikuwa Mlamba wa upande wa Sakania, mtu mfupi, shingo nene, mwenye kofia ya kahawia asiyoivua hata akinawa uso. Aliniambia:

"Mutoto, unalala wapi?"

"Kwa jirani, Baba."

"Uko na bangapi nyuma yako?"

"Dada moja na ndugu moja."

Akaita kuelekea uani, "Mama Anna! Ongeza maji mu sufuria!" Hivyo ndivyo tulivyopata kwetu. Alitupa chumba cha nyuma ya nyumba yake, ambamo mlikuwa na kuku. Kuku walikataa kuhama, basi tulikaa nao.

Kazi alinifundisha bila kupanga masomo. Alinifundisha kubandua tairi kwenye chuma cha gurudumu bila kung'ata mpira wa ndani. Alinifundisha kupima upepo asubuhi, tairi ikiwa imelala baridi, maana tairi iliyotoka safarini hujivimbisha na kukudanganya. Na tela likikaa muda mrefu bila kutembea, aliliinua juu ya magogo ili tairi zisikae upande mmoja kama mgonjwa. "Pneu inachoka na kusimama kupita kutembea," alisema. Pneu ndiyo tairi. Hakulijua neno lingine, na mpaka leo hata mimi nikiota, naota pneu.

Somo lake kubwa lilikuwa la kiganja. Hakuruhusu tela liondoke kabla ya kukokotwa hadi mto Kafubu na kurudi, likiwa na mzigo. Likirudi, alizunguka akiweka kiganja juu ya kila tairi, taratibu, kama mama anayempima mtoto homa. Vuguvugu, sawa. Moto unaokufanya utoe mkono, kuna ugonjwa: upepo mdogo, au mzigo mkubwa, au tairi yenyewe haifai. "Mukono haijue kusoma, lakini haisahau," alisema. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na vipimo vya umeme vilipokuja sikuviona vikisema jambo tofauti.

Sasa niwaambie kuhusu mawese, maana hapo ndipo kisa kinapoanza.

Karakana yetu ilisifika kwa mng'ao. Tairi zilizotoka kwetu zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa hata unaona kofia yako ndani yake. Siri ilikuwa ya Baba Mumba mwenyewe. Alichanganya mafuta ya mawese na masizi ya chini ya sufuria, akapaka mbavu za tairi kwa kitambaa, kisha akazipanga mlangoni, juani, watu wazione. Alikuwa ameona jinsi mama zetu wanavyowapaka watoto mafuta baada ya kuwaogesha, ngozi ikawa laini, akasema mpira nao ni ngozi. Sisi sote tulimsadiki. Jumapili miguu ya Yohani na tairi za Musiu Nikola ziling'aa kwa mafuta yaleyale kutoka dumu moja, na Mama Anna alilalamika kwamba jikoni kwake hakubaki hata tone.

Nilianza kushuku kwa sababu ya mkate. Palikuwa na mwoka mikate aliyevuta tela dogo akipeleka mikate kwenye makambi ya upande wa Kipushi. Tairi ilipasuka, tela likalala, mikate ikatawanyika, mbuzi wa kijiji wakafanya sikukuu. Tuliitwa kuokoa tela, mikate haikuokoka. Baba Mumba alisema mzigo ulizidi. Lakini mimi ndiye niliyeikokota tairi ile hadi nyumbani, na nilipoifuta vumbi nikaona ubavuni nyufa nyembamba nyingi, zimesimama pamoja kama udongo wa bwawa lililokauka. Baadaye nikaona nyufa zilezile kwenye tairi nyingine, kisha nyingine. Zote zilikuwa za mlangoni, zilizopakwa na kuanikwa. Za kona ya nyuma, zilizofunikwa kwa magunia kwa sababu zilikuwa za malori na hakuna aliyetaka kuzionyesha, hazikuwa na ufa. Nikaanza kuwaza. Lakini kuwaza ni kitu kimoja, na kumwambia mtu aliyekupa chumba ni kitu kingine.

Ndipo baba mdogo Kabamba akaja.

Alitoka mbali, ng'ambo ya Kabalo, kwa meli ya mtoni mpaka Bukama, halafu kwa treni. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa amesikia kwamba watoto wa marehemu kaka yake wanalelewa na mtoto mwenzao, miongoni mwa kuku, mjini, na aibu ilimla. Alikuja kuwachukua Marta na Yohani. Marta angekaa na mke wake, Yohani angepelekwa kwa ndugu mwingine, mbali zaidi. Mimi ningebaki nifanye kazi. Sisi watatu tulikuwa tumeahidiana, siku ya maziko ya baba, kwamba hatutakula kwenye nyumba tofauti. Ahadi ya watoto, lakini ndiyo urithi tuliokuwa nao.

Baba Mumba alimsihi usiku kucha. Asubuhi baba mdogo akasema:

"Ndugu yangu Mumba, nimesikia. Lakini mutoto hawezi kulea batoto. Kama Donati iko mukubwa, nione na macho yangu. Kama iko tu mutoto ya kubeba pneu, treni ya leo itatuchukua."

"Utaona," Baba Mumba akamwambia. "Leo kuna karavani ya Musiu Armand. Donati njo ataifunga pneu. Kuya, ukae." Njo ya kwetu ni ndiye au ndivyo, na kuya ni njoo.

Na kwa kumheshimu mgeni wake, Baba Mumba alifungua lile dumu la mawese lililotoka kaskazini, akachota, akachanganya masizi, akapaka kwa mkono wake jozi ya tairi za mlangoni alizokwisha kuzichagua. Sijapata kuona tairi zikimeta vile.

Musiu Armand alileta karavani. Alikuwa akienda kupima ardhi upande wa Sakania na Mokambo kiangazi chote, na mkewe alikuwa anafuatana naye. Ile karavani ndiyo ingekuwa nyumba yao. Aliziona tairi akapiga mluzi. Musiu Nikola akasugua viganja. "Angalia, Musiu! Inang'aa sawa kiatu ya monseigneur, ya askofu!" Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, macho kwangu. Nyuma yake Marta na Yohani, juu ya mabunda.

Nilichukua kitambaa nikafuta ubavu, kama nilivyozoea kufanya kabla ya kufunga. Rangi nyeusi ikaja juu ya kitambaa. Chini yake nikaziona. Zilikuwa nyembamba, bado changa, lakini ndizo. Nikageuza ya pili: ndizo.

Nilisimama.

"Donati," akasema Baba Mumba, "juu ya nini umesimama, haufungi?"

"Baba, hizi pneu..."

"Hizi pneu zinafanya nini?"

"Hapana, Baba. Hizi hazitafika Sakania."

Baba mdogo aliinuka kama aliyeumwa na siafu. "Unaambia mukubwa yako hapana? Mbele ya bantu? Mbele ya muzungu? Huyu anakulisha! Njo vile yaya yangu, baba yako, alikufundisha?" Akageuka. "Marta, kamata bunda yako. Nimekwisha kuona."

Marta hakuinuka. Alinitazama mimi. Yohani akaanza kulia bila sauti, midomo tu.

"Donati, una wazimu?" Musiu Nikola alisema. "Hii iko mupya!"

"Ni mafuta, Musiu. Mafuta inaficha. Na jua inapasula."

"Mafuta gani?" baba mdogo akauliza.

Nikaangalia chini. "Mawese, Baba mudogo."

"Mawese *yangu*?"

Hapo hata Musiu Armand alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkosea aliyetupa chumba, nimemkosea baba yangu mdogo na zawadi yake, na treni ilikuwa ikipiga honi kule stesheni ikipanga mabehewa. Nilijiambia: nimewapoteza.

Baba Mumba alikuja akasimama mbele yangu. Alinyoosha mkono. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Akachukua kitambaa mkononi mwangu.

Alipiga magoti. Alifuta ubavu wa tairi ya kwanza, akauminya kwa vidole gumba hadi ukajikunja, nyufa zikafunguka kama midomo midogo. Akafuta ya pili. Akaenda mlangoni, akafuta zile zilizopangwa juani, moja baada ya nyingine, kazi ya miaka yake yote, na kila moja akaiminya na kuitazama. Kisha akaenda kwenye kona ya nyuma, akatupa magunia pembeni, akavuta tairi moja ya lori dogo, yenye vumbi, mbaya, isiyong'aa hata kidogo. Akaminya. Hakuna. Akatafuta mwenziwe wa kiwanda kimoja na umri mmoja, akaminya. Hakuna. Akazibingirisha zote mbili mpaka miguuni pangu.

"Funga hizi."

Halafu akamgeukia baba mdogo, kofia mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kichwa chake.

"Ndugu yangu, ile mafuta ni mimi nilianzisha. Miaka yote ninapakaa, na bantu banasifu. Huyu mutoto alijua ile kintu atapoteza. Batoto bake bako pale, treni yako iko pale. Kama angenyamaza, weye ungefurahi, Musiu angefurahi, na mimi ningefurahi kupita benu bote. Na bibi ya Musiu angelala mu mufereji njia ya Sakania. Unatafuta mukubwa? Mukubwa njo huyu."

Baba mdogo akarudi kwenye ile tairi kuukuu. Alikaa tena.

Nilifunga zile tairi. Kazi niliijua. Tulipakia magunia ya mchanga kadiri ya mzigo wa safari, Musiu Armand akaikokota karavani hadi Kafubu na kurudi. Ilipoingia uani, Baba Mumba alimshika baba mdogo mkono. "Weka hapa. Sawa vile unapima mutoto mwenye homa."

Baba mdogo aliweka kiganja juu ya tairi. Akaenda upande wa pili, akaweka. Alikaa na mkono wake pale kuliko ilivyohitajika.

"Haina homa," akasema.

"Haina."

"Sasa mawese yangu ni ya kazi gani?"

Mama Anna alikuwa akingoja nafasi hiyo tangu siku aliyoolewa. "Ni ya kula, shemeji! Nilisema tangu zamani! Huyu bwana anaiba mafuta mu jiko yangu anapakaa mupira, na batoto banakula majani ya sombe kavu!"

Wakacheka wote, na baba mdogo zaidi. Sikujua maana ya kicheko chake mpaka nilipomwona Marta. Alikuwa amelifungua bunda lake, akatoa sahani mbili, yake na ya Yohani, akazipeleka kwa Mama Anna.

Treni iliondoka bila wao. Baba mdogo alikaa wiki nzima, akala mawese yake mwenyewe, akaondoka na picha yetu. Kila mwaka alituma dumu, na kila mara alimwambia mbebaji: "Uwaambie, hii si ya pneu."

Karavani ilirudi mwishoni mwa kiangazi, nyekundu kwa vumbi hadi juu ya paa. Tairi moja ilikuwa na msumari, nyingine haikuwa na kitu. Kila Musiu Armand aliponiona mjini aliweka kiganja chake kwenye paji la uso akauliza, "Donati, homa?" Na Baba Mumba hakupaka tena. Alihamisha tairi zote kivulini, akaziosha kwa maji na sabuni tu. Wateja walilalamika kwamba tumekuwa wavivu. Aliwajibu, "Pneu haiende misa."

Marta alisoma, akawa mkunga. Nusu ya Hewa Bora imepita mikononi mwake. Yohani aliendesha treni, kama baba. Tulikula kwenye nyumba moja mpaka kila mmoja alipoondoka kwa hiari yake, kwa harusi yake.

Jioni ya siku ile nilimfuata Baba Mumba uani. Nilitaka kumshukuru. Nikasema nitamlipa, sijui lini, lakini nitamlipa. Alikuwa ananawa uso, kofia kichwani.

"Mimi hapana," akasema. "Siku moja utakuwa muzee ya kazi. Mutoto moja atakuambia hapana, mbele ya bantu. Roho yako itawaka. Ile siku, kamata kitambaa kwanza. Njo utanilipa."

Nilikuwa mzee wa kazi. Nimefundisha vijana wengi, wazuri, wenye heshima. "Ndiyo, Muzee." "Sawa, Muzee." Siku nilipostaafu walinisifu kwamba sikukosea hata mara moja. Nilikaa pale na soda mkononi, nikajua si kweli. Haiwezekani iwe kweli. Ni kwamba hakuna aliyethubutu kuniambia. Baba Mumba amelala makaburini miaka mingi, na deni lake bado ninalo lote.

Kwa hiyo, vijana, hayo niliyowaandikia hapa juu kuhusu ubavu na upepo na kiganja, mengine bila shaka yana ufa. Tairi zimebadilika na mimi nimezeeka. Ninakaa nyumba yenye lango la bluu, mkabala na kwado ya kwanza, na kitambaa kiko mfukoni mwangu. Asubuhi nikipita, acheni kunicheka magulu. Niambieni hapana.